Kutoka Tabibu hadi Daktari: Maandalizi ya Maombi ya Shahada ya Udaktari kwa Mwenye Stashahada

Utangulizi

Katika vijiji vingi vya wilaya za Hanang' na Mbulu, mkoani Manyara, mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa si daktari mwenye shahada bali ni tabibu, yaani mtaalamu aliyesomea stashahada ya utabibu kwa miaka 3. Ndiye anayeamshwa usiku kumtazama mtoto mwenye homa na degedege. Ndiye anayeshona jeraha la mchungaji aliyepigwa pembe na ng'ombe. Na ndiye anayeamua kwamba mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana asiendelee kusubiri. Katika kata kama Mogitu, rufaa ya mama huyo huelekea Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang'. Kwa walio upande wa Mbulu, huelekea mara nyingi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Tabibu huyo, baada ya kuandika rufaa za namna hiyo kwa miaka kadhaa, huanza kujiuliza kama naye hawezi kuwa upande wa pili, akimpokea mama huyo katika chumba cha upasuaji. Swali hilo ni la halali, na njia ya kulijibu ipo. Hata hivyo, kila mwaka wapo wanaoomba kujiunga na shahada ya udaktari wakakataliwa, si kwa sababu hawana uwezo, bali kwa sababu hawakuufahamu utaratibu mapema. Makala hii inaeleza sifa zinazotakiwa, mitego inayowaangusha waombaji wengi, masharti ya kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na jinsi suala hili linavyomgusa mgonjwa wa kijijini.

Njia mbili za kuingia

Udahili wa vyuo vikuu nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Kila mwaka Tume hutoa miongozo ya udahili ya aina mbili: mmoja kwa waliohitimu kidato cha sita, na mwingine kwa wenye stashahada au sifa nyingine linganifu. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji hutuma maombi yake moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Chuo humchagua, na Tume huhakiki kama aliyechaguliwa anazo sifa.

Njia ya kwanza ni ya kidato cha sita. Mwombaji wa shahada ya udaktari anatakiwa kuwa na ufaulu katika masomo matatu, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa jumla ya pointi zisizopungua 6. Katika mpangilio wa sasa wa alama, A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa hiyo alama D katika masomo yote matatu hufikisha pointi 6. Vyuo vingine huweka masharti ya juu zaidi, hasa katika Kemia.

Njia ya pili ndiyo inayomhusu tabibu. Mwongozo humtaka awe na stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, katika mizani ambayo kilele chake ni 5.0. Zaidi ya hapo, matokeo yake ya kidato cha nne lazima yaonyeshe angalau alama D katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa kuwa mwongozo hutolewa upya kila mwaka, mwombaji hana budi kusoma toleo la mwaka anaoomba, wala asitegemee maelezo ya mwenzake aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Hapo zamani ilikuwapo pia njia ya katikati. Tabibu mwenye uzoefu aliweza kusoma miaka 2 na kuwa daktari msaidizi, kada ambayo kwa miongo kadhaa ilibeba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura katika hospitali za wilaya. Mafunzo hayo yamefungwa. Anayetaka kupanda leo kutoka utabibu hadi upasuaji hana daraja jingine la kusimama. Hupanda moja kwa moja kwenye shahada.

Mtego wa kwanza: somo la Hisabati

Sharti la masomo matano ya kidato cha nne ndilo linalowashangaza wengi. Mtu aliweza kuingia chuo cha utabibu akiwa na ufaulu mzuri wa Baiolojia, Kemia na Fizikia, huku Hisabati akiwa na alama F. Chuo kilimpokea, akasoma, akafaulu, akaajiriwa, na huenda ametibu maelfu ya wagonjwa. Lakini siku anapoomba shahada, alama ile ya F humfungia mlango hata kama GPA yake ni 4.5.

Dawa yake ipo. Baraza la Mitihani la Tanzania huruhusu mtu kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Alama D huanzia 30 katika 100, kiwango ambacho mtu mzima mwenye nidhamu anaweza kukifikia kwa kujisomea mwaka mmoja, akisaidiwa na mwalimu wa shule ya sekondari iliyo jirani. Mtihani hufanyika Novemba, na usajili wake hufungwa miezi mingi kabla. Basi anayekusudia kuomba shahada baada ya miaka miwili anapaswa kukitazama cheti chake cha kidato cha nne leo. Akisubiri hadi dirisha la udahili lifunguliwe, atakuwa amechelewa.

Mtego wa pili: GPA isiyorekebishika

Alama ya kidato cha nne inaweza kutafutwa upya. GPA ya stashahada haiwezi. Ikishahitimishwa, imekwisha. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya maombi ya udaktari huanza katika muhula wa kwanza wa utabibu, si baada ya mahafali. Wakufunzi wa vyuo vya afya wanaweza kuwasaidia vijana kwa kuwaambia jambo hili mapema, kwa kuwa wengi huamini kwamba kufaulu tu kunatosha, wakaja kugundua baadaye kwamba GPA ya 2.9 na ya 3.0 zimetenganishwa na mlango mzima.

Aliyekwisha kuhitimu na GPA chini ya 3.0 bado anaweza kurudi katika njia ya kwanza, yaani kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ni safari ngumu kwa mtu mwenye zamu za usiku, hasa kwa sababu ya mitihani ya vitendo inayohitaji maabara. Hata hivyo ni safari iliyo wazi kisheria, na ni bora kuliko kununua ahadi za wanaojiita mawakala wa udahili, wanaodai kuwa na mtu wao ndani ya chuo. Hakuna wakala anayeweza kuibadili GPA iliyomo katika kanzidata ya taifa.

Mtego wa tatu: majina na namba ya uhakiki

Mwenye stashahada haombi chuo kikuu kwa cheti pekee. Anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, inayofahamika kwa ufupisho wa AVN, ambayo hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Namba hii huthibitisha kwamba matokeo yake yamo katika kumbukumbu za Baraza. Kama chuo alichosoma hakijawasilisha matokeo yake ipasavyo, namba haitapatikana, na kufuatilia jambo hilo huweza kuchukua majuma kadhaa. Waliohitimu miaka mingi iliyopita wanashauriwa kulishughulikia suala hili kabla ya msimu wa maombi kuanza.

Tatizo jingine ni majina. Huko Hanang' na Mbulu, majina mengi ya Kidatoga, kama yale yanayoanza kwa Gida- kwa wanaume na Uda- kwa wanawake, pamoja na majina ya Kiiraqw, huandikwa na makarani kwa tahajia tofauti. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia moja katika cheti cha kuzaliwa, nyingine katika cheti cha kidato cha nne na nyingine katika stashahada. Mfumo wa udahili hauwezi kujua kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Marekebisho hufanywa kwa hati ya kisheria iliyoandaliwa na wakili, nayo pia yanahitaji muda.

Sifa za chini na sifa za kuchaguliwa

Kuwa na sifa za chini humpa mtu haki ya kuomba, hakumpi nafasi. Shahada ya udaktari ni miongoni mwa programu zinazokimbiliwa zaidi nchini, na viti vyake ni vichache kwa sababu kila mwanafunzi anahitaji maabara, wakufunzi na vitanda vya wagonjwa vya kujifunzia. Mwenye GPA ya 3.0 anasimama katika foleni moja na wenye GPA ya 4.2.

Hapa ndipo mfumo wa Tanzania unapotofautiana na wa nchi nyingine. Nchini Marekani, kwa mfano, mwombaji huwa na shahada ya kwanza tayari, hufanya mtihani maalumu wa kuingilia, huandika insha ya kujieleza, na huitwa kwenye usaili. Huko, miaka minne ya kuhudumia wagonjwa kijijini ingeelezwa, ikasomwa na kupimwa. Hapa nchini kwa kawaida uchaguzi hufuata alama. Uzoefu wa tabibu, uwezo wake wa kuzungumza na mgonjwa kwa Kiiraqw au Kidatoga, na usiku aliokesha na wajawazito havina safu yake katika fomu ya udahili.

Kwa kuwa alama haziongezeki wakati wa kuomba, ushindani unaobaki mikononi mwa mwombaji ni wa kupanga. Kwanza, aombe katika awamu ya kwanza, kwa kuwa awamu zinazofuata hugawa viti vilivyobaki tu. Pili, asijifunge kwenye chuo kimoja. Muhimbili, chimbuko la elimu ya udaktari nchini tangu mwaka 1963, huvutia waombaji wengi mno; lakini udaktari hufundishwa pia Chuo Kikuu cha Dodoma, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Ifakara, Mbeya, Zanzibar na katika vyuo binafsi jijini Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Manyara, Dodoma na Moshi ni vya karibu zaidi. Tatu, akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Wapo waliopoteza nafasi kwa sababu ujumbe wenye namba ya siri ulitumwa katika simu iliyokuwa imezimwa, au katika laini waliyokwisha kuitupa.

Kuhama kutoka chuo au programu nyingine

Lipo kundi jingine: wanafunzi walioko tayari chuo kikuu, wanaosoma uuguzi, maabara au famasia, wanaotaka kuhamia udaktari; au wanaosoma udaktari katika chuo kimoja na kutaka kuhamia kingine. Utaratibu unaruhusu uhamisho, lakini si kwa utashi wa mwanafunzi peke yake. Ni lazima awe na sifa za kuingia katika programu anayoiendea, programu hiyo iwe na nafasi, maombi yapitie chuoni ndani ya kipindi kilichotangazwa, na Tume ihakiki. Anayeanza uuguzi akitumaini kuingia udaktari kwa mlango wa nyuma hukuta masharti yaleyale ya mlango wa mbele.

Kuhamisha masomo yaliyokwisha kusomwa ni kugumu zaidi. Vyuo hulinganisha mitaala somo kwa somo, na katika udaktari mpangilio hutofautiana: chuo kimoja hufundisha anatomia yote kabla ya fiziolojia, kingine huvichanganya kwa kufuata mifumo ya mwili. Anayehama aghalabu hurudi nyuma mwaka mmoja au zaidi. Tabibu anayeingia kwa stashahada pia, kwa kawaida, huanza mwaka wa kwanza. Miaka yake mitatu ya utabibu haimpunguzii mitano ya shahada.

Vita nchini Ukraine vilivyoanza Februari 2022, na vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, viliwakatisha masomo Watanzania waliokuwa wakisomea udaktari huko. Kwao neno uhamisho lilikuja ghafla, na waliokuwa na nakala za matokeo na mitaala walikuwa na mahali pa kuanzia. Somo kwa wanaokwenda ng'ambo ni mawili: kuhakikisha kabla ya kuondoka kwamba sifa zao zinakidhi masharti ya hapa nchini, kwa kuwa wakirudi watapimwa kwa masharti hayo, na kutunza kumbukumbu za kila muhula mahali salama.

Fedha na ruhusa

Tabibu aliyeajiriwa ana swali ambalo kijana wa kidato cha sita hana: ataishije miaka mitano? Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikimtaka mwombaji wa mkopo asiwe na ajira, asizidi umri wa miaka 35, na awe amehitimu ndani ya miaka 5 iliyopita. Tabibu mwenye umri wa miaka 37 na mshahara wa serikali hana budi kupanga bila kutegemea mkopo huo.

Kwa mtumishi wa umma, hazina yake ni ruhusa ya masomo. Akiwa amethibitishwa kazini, na masomo yake yakiwa yameingizwa katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa kawaida huendelea kuwa mtumishi na kupokea mshahara akiwa chuoni. Ombi lake hupitia kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mpango wa mafunzo huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, ilhali majina ya waliochaguliwa vyuoni hutoka baada ya hapo. Anayesubiri achaguliwe ndipo aombe kuingizwa katika mpango hukuta mpango umefungwa. Na anayeondoka bila ruhusa, akitumaini mambo yatajirekebisha, huhesabiwa kuwa mtoro kazini na huweza kupoteza ajira aliyoipata kwa taabu.

Miaka miwili ya mwanzo

Matabibu wengi huamini kwamba, kwa kuwa wametibu, masomo yatakuwa mepesi. Hali huwa kinyume mwanzoni. Miaka miwili ya kwanza hutawaliwa na anatomia, fiziolojia na baiokemia, masomo ambayo kijana aliyetoka kidato cha sita huyaingia akiwa na Kemia mbichi kichwani. Tabibu huyaingia baada ya miaka kadhaa bila kitabu. Anayetumia miezi ya kusubiri chuo kurudia Kemia na Fizikia za sekondari, na kujizoeza kusoma Kiingereza cha kitaaluma kila siku, huokoa mwaka wake wa kwanza.

Kuanzia mwaka wa tatu mambo hugeuka. Mbele ya kitanda cha mgonjwa, tabibu anajua kuuliza, kusikiliza na kupapasa tumbo bila kumtisha mwenye maumivu. Lakini hatari mpya huzuka: mazoea. Aliyezoea kutibu kwa haraka foleni ya wagonjwa hamsini hujikuta akitaja dawa kabla ya kueleza sababu. Shahada humdai aeleze sababu. Baada ya miaka 5 hufuata mwaka 1 wa utarajali hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili kuwa daktari kamili.

Mgonjwa anahusikaje?

Huenda mgonjwa wa Mogitu akaona kwamba haya ni mambo ya wasomi. Kwake, jambo lililo wazi ni kwamba tabibu aliyemzoea ameondoka. Hofu hiyo ina msingi. Zahanati yenye tabibu mmoja, akienda masomoni bila mbadala kupangwa, hubaki na pengo linaloonekana siku ileile. Na miaka sita baadaye, daktari mpya anaweza kuvutwa na jiji asirudi kamwe.

Lakini upande wa pili nao ni wa kweli. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na majeruhi walifikishwa katika hospitali ya wilaya na ile ya rufaa ya mkoa. Siku kama hiyo huonyesha thamani ya kuwa na madaktari wenye kuweza kupasua na kutuliza mshtuko karibu na walipo watu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ya 2021 kuhusu wahudumu wa afya vijijini, linashauri nchi zidahili wanafunzi waliotoka vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda kufanya kazi vijijini. Tabibu wa Mogitu anayeomba udaktari ndiye hasa mwanafunzi anayezungumziwa katika ushauri huo.

Kwa hiyo halmashauri inayompa ruhusa, ikampangia mbadala, na ikamtengea nafasi ya kurejea, inawekeza kwa wagonjwa wake yenyewe. Nayo kamati ya afya ya kituo ina haki ya kuuliza mapema: nani ataziba pengo, na tangu lini?

Orodha fupi ya kujikagua

Anayekusudia kuomba ajiulize maswali yafuatayo miezi kumi na minane kabla ya dirisha la udahili:

1. Je, cheti cha kidato cha nne kina angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza?
2. Je, GPA ya stashahada ni 3.0 au zaidi, na namba ya uhakiki inapatikana?
3. Je, majina yanafanana katika vyeti vyote na kitambulisho cha taifa?
4. Je, masomo yameingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri?
5. Je, ada na matumizi ya familia kwa miaka 5 vimepangiwa chanzo?
6. Je, mwongozo wa udahili wa mwaka husika umesomwa, na si wa mwaka uliopita?

Swali lolote lenye jibu la hapana ni kazi ya kufanya sasa, wakati muda bado upo. Wengi waliofika hawakuwa na akili kupita wenzao. Walianza tu na swali la kwanza, wakaenda kujisajili kufanya tena mtihani wa Hisabati.